Kitasa cha Mkunga

Kobe alipiga magoti mbele ya mlango wa Mkunga muda mrefu hata wapita njia wakadhani ameangusha kitu, na mmoja wao akasimama kumsaidia kutafuta kwa macho. Hakuwa ameangusha kitu. Alikuwa akilitazama tundu la ufunguo.

Jina hilo la Kobe alipewa na wapelelezi wenzake kituoni, wale wanaoingia nyumba za watu na kutoka kabla kiti hakijapata joto. Yeye alikuwa na tabia ya kukikodolea kitu kimoja mpaka kimkinai. Ndiyo maana kesi za namna hii, zisizo na damu wala sifa, walimsukumia yeye, kisha wakacheka pembeni. Mwenyewe hakujali. Wacheke wee mpaka wachoke, kesi ni kesi.

"Afande, tutakesha hapa?" aliuliza Mhasibu.

Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa mwenye nyumba, mtu wa mahesabu katika kampuni ya bima, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ndiye aliyepeleka malalamiko kituoni: Jumatano, mchana kweupe, wakati mama yake yuko kliniki ya macho, mtu asiyejulikana alionekana akihangaika na kitasa cha mlango.

"Mimi nimeshasema," aliendelea. "Kitolewe, tuweke cha kisasa, mambo yaishe."

"Hakitolewi," ilisema sauti kutoka ndani.

Mkunga alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti cha mbao kilichogeuzwa kuelekea mlangoni. Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini nusu ya watu wa mtaa ule waliingia duniani kupitia mikono yake, na Kobe alipomwamkia alijikuta ameinama zaidi ya kawaida yake.

"Mama, usianze."

"Sianzi, baba. Nilishamaliza zamani. Kitasa hicho kitanizika."

"Umeibiwa nini, mama?" Kobe aliuliza.

"Hata kijiko, mwanangu."

Kobe akachomoa leso yake, akakunja ncha, akaipitisha ndani ya tundu la ufunguo polepole. Ilitoka na mambo mawili. Kwanza utando wa mafuta mazito ya njano, yaliyoshikana na vumbi la miaka. Juu ya utando huo, weusi mpya, mwembamba, wenye kung'aa. Haukuwa masizi, maana masizi hayang'ai hivyo. Akaunusa, haukunuka kitu. Na kwenye midomo ya tundu hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mwizi wa waya huacha mikwaruzo kama kuku aliyechakura.

"Nani hutia mafuta hapa?"

"Mimi. Kila jioni, tone moja. Haya haya ya kupikia."

"Kila jioni? Kwa nini?"

"Kisije kikawa kigumu siku mwanangu anaporudi."

Mhasibu akatazama dari, kama mtu anayesikia wimbo alioshauchoka. Kobe akaingia ndani, akavuta kigoda, akaketi. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba mtu akisema neno kama lile, unakaa.

"Nina binti," Mkunga alisema. "Kitindamimba wangu. Alikuwa chuo cha uuguzi, mwaka wa mwisho, karibu avae gwanda jeupe. Akaja kuniambia anaacha. Anataka kushika randa na msumeno kama marehemu baba yake. Nikapandwa na hasira, nikasema ukivuka kizingiti hicho usirudi. Akavuka. Yule ni mtoto wa baba yake kabisa, akiambiwa kitu anakifanya." Akapapasa mkono wa kiti. "Namtamani mwanangu. Nakwambia kweli, kuna siku namtamani mpaka chai inakataa kushuka. Sijui alipo niende nikamwambie nimeyafuta. Lakini ufunguo aliondoka nao. Siku atakayokuja, akikuta unafungua kama zamani, atajua mwenyewe kwamba yale yalikuwa maneno ya mdomo tu. Sasa niambie, kitasa nitakitoaje?"

Kobe akasogeza kigoda karibu. Akauliza, "Akija na ufunguo wowote, wewe na macho yako haya utajuaje ni ule?"

"Kwa dole gumba. Watoto walikuwa wanagombana, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyepoteza wake. Baba yao akachukua tupa, akakata alama vichwani. Wa kaka mtu alama moja, wa mdogo mtu alama mbili."

"Na wako?"

"Wangu nilifunga kitambaa." Akautoa kifuani. Ulikuwa umefungwa ukanda mwembamba wa kitenge. "Kipande cha gauni langu. Tangu wakati huo huo."

Kobe akaupokea, akausogeza dirishani penye mwanga. Ukanda uliobebwa kifuani miaka yote hiyo ulitakiwa uwe umechakaa, umefifia, umeota nyuzi. Huu ulikuwa na maua yanayoonekana vizuri, na kingo zake bado zilikuwa na ncha za mkasi. Akamrudishia mama ufunguo wake kwa mikono miwili, akasema anakwenda kuwasalimu majirani.

Mkabala na mlango ule palikuwa na kibanda cha fundi wa cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu akiamka anawashwa na akilala ndipo anazimwa. Yeye ndiye shahidi pekee. Kobe hakupata hata nafasi ya kuuliza.

"Kijana, afande! Suruali ya kazi, kofia imeshuka mpaka hapa, begi mgongoni. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili."

"Alikuja akifanya nini kwanza?"

"Kwanza? Kwanza alipiga hodi."

"Mwizi?"

"Ndiyo hapo sasa! Akapiga, akangoja, akapiga tena. Kisha akatoa ufunguo."

"Ufunguo au waya?"

"Afande, mimi napitisha uzi kwenye tundu la sindano tangu sijaota ndevu, nitashindwa kujua ufunguo? Ukaingia vizuri tu, ila haukuzunguka. Akauchomoa. Akatoa kitu mfukoni, akakichonga kwa kisu kidogo, akasugua ufunguo wake nacho, akajaribu. Haukuzunguka. Akasugua, akajaribu. Wapi! Mara ya mwisho akaupeleka taratibu mno, kama mtu anayeamsha mgonjwa."

"Halafu akakimbia."

"Akakaa! Pale pale kizingitini. Alijiinamia pale, mimi nimemaliza upindo wa gauni zima bado yupo. Akajifuta uso kwa kiganja. Akasimama, akaweka mkono bapa juu ya mlango, hivi. Kisha akainama chini kabisa, kama anayeokota kitu, akaenda zake."

"Na muda wote huo hukumwita? Hukuuliza?"

Redio akaona haya. "Nilikuwa nimebana pini mdomoni."

"Loh. Siku moja tu ya kusema, redio ikazimwa."

Kobe akavuka barabara, akarudi kwenye magoti yake. Safari hii hakutazama tundu la ufunguo. Alitazama ufa kati ya kizingiti na sakafu ya nje, pale vumbi linapojificha na ufagio. Kwa ncha ya kalamu akachokoa maganda mawili matatu ya mbao laini, yaliyopakwa rangi nyekundu upande mmoja. Akazidi kuchokoa. Kikatoka kipande cha penseli, bapa, nene, ile wanayobandika mafundi seremala nyuma ya sikio. Ubavuni palibaki herufi chache nyeupe za jina la kiwanda kimoja cha mbao ng'ambo ya daraja.

Akakisugua kwenye leso yake, kando ya ule weusi wa mwanzo. Ulikuwa weusi ule ule.

"Afande, vipi?" Mhasibu alikuwa amesimama juu yake. "Umepata kitu?"

"Nahitaji fundi wa funguo akifungue kitasa. Kuna wa karibu unayemjua?"

"Simjui hata mmoja," Mhasibu akajibu, haraka kuliko swali lenyewe.

Fundi wa karibu alikuwa njia panda, mwanamke mnene mcheshi anayeitwa Mama Funguo, na huwezi kuishi mtaa ule usimjue. Kibanda chake kilining'inizwa funguo mbele, juu na ubavuni, na upepo ukipita zote zinasema. Alifunga mlango wake kwa kufuli kubwa kama ndala, akamfuata Kobe akijisifu njia nzima.

"Kitasa ni kama ndoa, afande. Watu hawakiangalii mpaka siku kimewafungia nje. Mwingine anabamiza mlango, mwingine anautundika ufunguo kwenye rundo kubwa kama la zabibu, uzito wote unaning'inia kwenye tundu, halafu anashangaa! Mwambie atunze, anakwambia nipe cha bei poa."

Alipofika mbele ya mlango, maneno yalimwisha. Alimwamkia Mkunga vizuri, ila hakumtazama Mhasibu, na Mhasibu naye aliona jambo la maana sana kwenye viatu vyake. Mama Funguo akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa zana huku macho yako kwingine, akatoa bisibisi ndogo, akaiweka moja kwa moja kwenye skrubu. Ikaingia sawasawa.

"Mama Funguo," Kobe alisema, "bisibisi humo unazo ngapi?"

"Tele, afande. Za kila namna."

"Na umeibuka na hiyo ya nyota bila kutazama."

"Mazoea tu."

"Hebu tuutazame mlango. Bawaba, skrubu za mfereji. Komeo, mfereji. Mkono wa kitasa, mfereji. Mlango mzima huu marehemu aliufunga kwa skrubu za mfereji mmoja. Hizi mbili zinazoshika kitasa ndizo pekee za nyota. Wewe ulijuaje?"

Mama Funguo akaiteremsha bisibisi polepole. Kobe hakumngoja. Alimgeukia Mhasibu, akanyoosha mkono.

"Ufunguo wako wa nyumba hii, tafadhali."

"Wa nini?"

"Naomba tu."

Mhasibu akautoa. Kobe akaupitisha dole gumba kichwani. Ulikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Hakukuwa na alama moja wala nusu.

"Baba," Mkunga aliita kutoka kitini, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ufunguo wako aliokukatia baba yako uko wapi?"

 Mtu wa mahesabu akaketi chini, pale pale sakafuni, na pasi yake yote.

"Niliutupa, mama. Ulikuwa haufungui tena. Unakumbuka ulipoanguka barabarani, ukalazwa? Mkoba ulipotea. Funguo zilikuwa humo, na kitambulisho humo humo, na anwani ya nyumba. Ningefanya nini? Unaishi peke yako, macho yenyewe ndiyo hayo. Nilijua nikikuambia tubadilishe kitasa utakataa. Basi nikamwita huyu mama abadilishe pini za ndani tu, nje kibaki kile kile. Nikakata kitambaa kwenye gauni lako lile lile, nikafunga ufunguo mpya."

"Ukaniambia mkoba uliokotwa."

"Nikakuambia uliokotwa."

"Na mimi nikaambiwa ninyamaze," Mama Funguo alidakia, "nikanyamaza, mimi mpenda maneno! Limenikaa kooni hilo kama mwiba wa samaki. Nisamehe, Mkunga. Mwanangu wa pili ulinizalisha wewe."

 Mkunga alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, kama alivyozoea.

"Kwa hiyo," alisema, "jioni zote hizi nimekuwa nikitia mafuta kitasa kisichomjua mwanangu."

 Kobe mwenyewe, mzoefu wa nyumba zenye msiba, alitamani kuaga aondoke. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, na bora jambo lisemwe lote kwa mara moja.

"Mama, marehemu alikuwa akitia nini kwenye vitasa vyake?"

"Marehemu? Alikuwa ananigombeza kwa hayo mafuta yangu! Anasema mafuta yanakula vumbi, kitasa kinasongwa. Anachonga penseli, anasugua meno ya ufunguo, anaingiza, anatoa, anaingiza..." Akakatiza. Mikono yake ikashika mbao za kiti. "Nani aliyekuja Jumatano?"

"Mtu aliyepiga hodi kwanza," Kobe alisema kwa upole. "Mwenye ufunguo ulioingia ila haukuzunguka. Alidhani ni mafuta yako yamekisonga, mama, kwa hiyo akachonga penseli ya seremala, akasugua, akajaribu tena na tena. Ulipogoma kabisa ndipo akaelewa kwamba kitasa kimebadilishwa. Na alivyoelewa, aliyekibadilisha ni wewe."

"Yarabi," Mkunga alisema, na machozi yakamshuka bila kujificha. "Mwanangu amekaa kwenye kizingiti changu, na mimi niko kliniki napimwa macho."

"Kuna kitu kimoja bado." Kobe akasimama. "Sote tulikuwa tunaulizana kilichoibiwa. Hakuna aliyeuliza kilichoachwa. Shahidi anasema aliinama chini ya mlango kama anayeokota kitu. Lakini pale nje hapakuwa na cha kuokota."

Ndani ya mlango palitandikwa mkeka mrefu, na kati ya mlango na sakafu mwanya wa kupita vidole. Kobe akaushika mkeka kwa ncha, akaufunua.

Ufunguo ulikuwa umelala hapo chini, mbali kidogo, kwa jinsi ulivyosukumwa kwa nguvu. Meno yake yalikuwa meusi ti kwa unga wa penseli. Kichwani ulikuwa na alama mbili za tupa.

Akauweka kiganjani mwa mama. Dole gumba la Mkunga likapita juu ya alama ya kwanza, likapita juu ya pili, likarudi.

"Amenirudishia," alisema. "Nilimwambia usirudi, na sasa amenirudishia hata ufunguo."

Akainuka, akikataa mkono wa mwanawe, akaenda mwenyewe mlangoni kwa kupapasa. Akautia ufunguo tunduni. Uliingia vizuri tu. Akauzungusha, haukuzunguka. Akasimama hivyo hivyo ameushika, na wote watatu walimwona akipita mahali pale pale alipopita binti yake Jumatano.

"Mama, nipige," Mhasibu alisema. "Nitukane. Usikae kimya."

"Sikutukani, baba. Ulinihofia, najua. Hofu yako na hasira yangu, ndivyo vilivyomfungia mtoto nje." Akageuka. "Mama Funguo, unaweza kukirudisha?"

"Kirudi kimjue huyu mwenye alama mbili? Mkunga, nikishindwa hilo nitupe funguo zangu zote nikauze maji!"

Akaiondoa skrubu ya kwanza na ya pili, akavuta moyo wa kitasa nje, akautandika juu ya leso ya Kobe. Pini ndogondogo za shaba zikamwagika, zimenata kwa mafuta. Akaziosha kwa mafuta ya taa, akazikausha, akaanza kuzipanga upya kufuata meno ya ule ufunguo, anazipima, anazikwangua, anapuliza, na kwa mara moja katika maisha yake hakujisifu. Mwisho akachukua kipande cha penseli kutoka kwa Kobe, akachonga kidogo, akapuliza unga ndani.

"Hayo mafuta yako, mama, tia kwenye bawaba, zitakushukuru. Huku usirudi tena nayo."

Kitasa kikarudi mahali pake. Mkunga akautia ufunguo wa alama mbili, akazungusha. Kikalia, ule mlio mnene wa zamani, na Mhasibu aliyekuwa bado sakafuni akafunika uso kwa mikono.

Kobe akatazama saa yake. Kiwanda cha mbao ng'ambo ya daraja kilikuwa hakijafunga, na mafundi wa pale hupewa penseli nyekundu bapa. Hakutaka kumpa mama ahadi kubwa. Penseli si mtu, na seremala huhama na kazi. Ila alisema ukweli kama ulivyo: "Nina pa kuanzia, mama. Naenda sasa hivi."

"Ngoja." Mkunga alifungua ule ukanda wa kitenge kutoka ufunguo wake wa uongo, akaufunga kwenye ufunguo wa alama mbili, fundo juu ya fundo, akamkabidhi. "Mpelekee."

"Nikukatie nakala kwanza," Mama Funguo aliwahi. "Ni huo mmoja tu sasa unaofungua nyumba hii! Wewe utabaki na nini?"

"Nakala ya nini? Mimi nitakuwa ndani. Wa kufungua ni yeye."

Kobe akaweka ufunguo kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alifika kizingitini, akasita, akageuka. Mkunga alikuwa amesharudi kitini kwake, uso umeelekea mlangoni.

"Nikimpata nimwambie nini, mama?"

Alikuwa na maneno mengi, ilionekana. Alikuwa ameyapanga jioni kwa jioni, tone kwa tone. Midomo yake ilicheza, akayaacha yote yapite, akabaki na moja.

"Mwambie ajaribu tena."